Kambi na Malezi: Jeshi la Kujenga Taifa na Uamuzi wa Mzazi

Kila kizazi katika nchi yetu kimepata kujiuliza swali moja: kijana anapovuka utoto, naye akawa hajawa bado mtu mzima, akabidhiwe nani? Mababu zetu walimkabidhi kwa makungwi na wazee wa rika. Wakoloni walimtaka akabidhiwe kwa sajini. Nasi baada ya Uhuru tulijenga kambi, tukampa kijana jembe na bunduki, tukasema hayo ndiyo malezi ya raia mpya.

Swali hili halikutujia kutoka vitabuni. Lililetwa barazani petu na mjane mmoja, jirani yetu. Mwanawe, kitinda mimba, alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama zake hazikumfikisha kidato cha tano. Kijana alitaka kujitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa. Ami zake walishangilia, wakasema kambi itamnyoosha. Mama moyo ulimsita. "Kaka," alituambia, "wewe ni mtu wa serikali na jeshini ulipita. Mtoto wangu huyu unavyomjua, kule panamfaa?"

Hatukuweza kumjibu kwa neno moja. Kusema "ndiyo" kungekuwa kujisifu kwa ujana wetu uliokwisha, na kusema "hapana" kungekuwa kukana jambo lililotufaa. Tuliona kwamba jibu la haki lingetokana na historia yenyewe ya malezi haya, na historia hiyo ndiyo tunayokusudia kuieleza kwa ufupi, ili walimu na wanafunzi nao waipime.

Tuanze kabla ya kambi. Wako watu wanaodhani kwamba malezi ya kumtoa kijana nyumbani, kumchosha mwili na kumfunza utii ni jambo tulilolipokea kutoka ng'ambo. Sivyo. Katika makabila yetu mengi mvulana alipelekwa jandoni, mbali na mama yake, akalala porini, akavumilia baridi na maumivu, akafundishwa nyimbo na mafumbo ambayo asingeyasahau mpaka kufa kwake. Msichana naye alikuwa na unyago wake. Wamasai waliwaweka vijana wao katika rika la morani, wakakaa pamoja katika manyata yao, wakalinda watu na mifugo.

Lakini tuangalie jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa tunapozisifu mila hizo. Kijana hakuachwa mikononi mwa mtu asiyekuwa na wa kumuuliza. Kungwi alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Mtoto akidhurika, wazee walijua mlango wa kubisha hodi. Kila rika la morani lilikuwa na wazee wa rika la juu waliolisimamia, na morani walipovuka mipaka, wazee hao ndio waliokuwa na mamlaka ya kuwakemea. Aliyemwamuru kijana naye alikuwa na wa kumwamuru. Huo ndio msingi wa kwanza wa malezi ya namna hii, nasi tutaurudia.

Ukoloni ulileta gwaride la aina nyingine. Jeshi la Wajerumani na baadaye kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, viliwachukua vijana wetu vikawafunza kupiga kwata, kusimama wima na kutii neno la mgeni. Maelfu yao walipelekwa kupigana vita viwili vikuu vya dunia, na katika vita vya pili wengine walifika hata Burma. Walirudi na nidhamu, lakini nidhamu hiyo haikuwa na nchi ya kuitumikia, kwa kuwa nchi haikuwa yao.

Hata hivyo watu wetu hawakulipokea gwaride hilo kama walivyopewa. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma ya beni. Vijana walijipanga mistari, wakavaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, wakapiga tarumbeta na matari, wakajipa vyeo vya kingi na jenerali. Ngoma ilienea mpaka bara, na vyama vyake, kama Marini na Arinoti, vikashindana kwa mavazi, kwa mashairi na kwa karamu. Wako waliodhani ni kuiga tu. Sisi twaona kwamba hapo vijana walikuwa wanasema jambo: tunapenda mpango, tunapenda kutembea kwa mwendo mmoja, lakini twataka kuchagua wenyewe nani awe jenerali wetu.

Katika zama hizo hizo Baden-Powell, jenerali wa Kiingereza aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alianzisha mwaka 1907 chama cha skauti, ambacho kilichukua kutoka jeshini kambi, filimbi na sare, kikaiacha bunduki. Chama hicho kilifika kwetu na bado kipo mashuleni. Mzazi anayetafuta malezi ya nidhamu kwa mtoto wa umri mdogo hana haja ya kuruka mpaka kambi ya jeshi. Iko ngazi ya chini yake.

Tarehe 10 Julai 1963, miaka miwili isiyotimia baada ya Uhuru wa Tanganyika, lilianzishwa Jeshi la Kujenga Taifa. Wazo lilikuwa limetoka katika Umoja wa Vijana wa TANU, na kambi ya Mgulani, Dar es Salaam, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Wataalamu kutoka Israeli walisaidia kuandaa mafunzo, kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa imezoea kuwachanganya vijana wake katika ulinzi na kilimo. Madhumuni yaliyotajwa kwetu ni matatu, na mpaka leo yanatajwa hivyo hivyo: malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi wa Taifa. Tazama mpangilio wake. Malezi yalitangulia, ulinzi ulikuja mwisho.

Mwanzoni vijana walijitolea. Walikuwa wengi wao watu wa elimu ndogo, waliotoka vijijini na katika mitaa ya miji, wakafyeka mapori na kulima mashamba kwa chakula, mavazi na fedha kidogo ya mkononi. Kisha, tarehe 20 Januari 1964, askari wa jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni waliasi. Jeshi hilo lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, ambalo liliwachukua askari wake wapya kutoka miongoni mwa vijana waliokwisha kulelewa katika siasa ya nchi yao. Somo la mwaka huo lilikuwa kali: mtu anayejua kutumia silaha bila kujua anamtumikia nani ni hatari kwa wote, hata kwake mwenyewe.

Jaribio kubwa la malezi ya kambini lilikuja mwaka 1966. Serikali iliamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu na wa kidato cha sita nao waende jeshini kwa lazima. Muda wa utumishi ulikuwa miaka miwili. Miezi michache ya mwanzo kambini, na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba msomi amesomeshwa kwa jasho la mkulima, kwa hiyo na alirudishe sehemu ya deni kwa mikono yake. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliona wameonewa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu.

Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akakasirika. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa wakarudishwa makwao. Hayo watu wengi wanayakumbuka. Lakini siku hiyo hiyo Mwalimu alikiri kwamba malalamiko kuhusu mishahara minono ya wakubwa yalikuwa na ukweli, akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata, 1967, likatoka Azimio la Arusha lililowafunga viongozi kwa masharti, na wengi wa wanafunzi wale wakarudishwa masomoni.

Twawaomba vijana wanaosoma insha hii wasilipite tukio hilo haraka. Wanafunzi walikosea kudhani kwamba jembe linamshusha msomi. Lakini katika kosa lao waliuliza swali la haki: je, anayetudai mzigo huu anaubeba na yeye? Na amri ya kiongozi ilipata uzito pale tu alipoitanguliza nafsi yake. Nidhamu ya kweli humbana mwenye kuamuru kabla ya kumbana mwenye kuamriwa. Kambi yoyote isiyokuwa na kanuni hiyo hufunza woga, na woga haukai. Hutoweka mara tu afande anapogeuza kisogo.

Miaka iliyofuata iliyatia nguvu malezi haya. Maazimio ya Musoma ya Novemba 1974 yalifanya jeshi na kazi kuwa njia ya lazima ya kufika Chuo Kikuu. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa miongoni mwa waliokwenda vitani pamoja na wanamgambo, mpaka Kampala ilipotekwa Aprili 1979. Kambi kama Ruvu, Makutupora, Oljoro, Mafinga na Bulombora zikawa majina yanayojulikana katika nyumba za nchi nzima, na mwaka 1981 likaundwa shirika la uzalishaji mali la jeshi hilo.

Sisi wenyewe tulikwenda kambini tulipomaliza kidato cha sita, kabla ya utaratibu wa lazima kusimamishwa. Tulifika tukiwa na mikono laini na vichwa vigumu. Tuliamshwa kabla ya alfajiri kwa mchakamchaka, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Wiki ya kwanza tulilia kimyakimya ndani ya hanga, na tulipofika shambani malengelenge yalipasuka mikononi. Aliyetuonya jinsi ya kushika mpini alikuwa kijana wa kujitolea, mtu wa darasa la saba kutoka kijiji cha mbali. Alikuwa na subira ya mwalimu. Jioni alitujia na karatasi, akatuomba tumwandikie barua kwa mama yake, kwa kuwa mwandiko wake ulimtia haya. Ndivyo tulivyoishi: yeye akatukosoa jembe, sisi tukamkosoa herufi. Mpaka tunaagana aliandika barua yake mwenyewe, nasi tulimaliza ngwe kabla ya jua kali. Kama yapo mambo ambayo shule zetu hazikuweza kutufunza, hilo la kumheshimu mtu kwa anachokijua mikononi ndilo la kwanza.

Lakini uungwana wa historia hautaki tuone upande mmoja. Katika mwaka ule ule wa 1963, jirani zetu wa Malawi nao walianzisha jeshi lao la vijana, Malawi Young Pioneers, nao wakisaidiwa na wataalamu wa Israeli. Nao walikuwa na kambi, mashamba, sare na mafunzo ya uongozi. Mtu ambaye angezitazama kambi za nchi hizi mbili asubuhi, wakati wa gwaride, huenda asingeona tofauti. Tofauti ilikuwa juu ya gwaride. Vijana wale wa Malawi walifanywa mkono wa Rais Banda na wa chama chake, wakapewa silaha, wakawa tishio kwa raia wasiokuwa na kadi, na hapakuwa na wa kuwauliza. Mwisho wake, Desemba 1993, jeshi la nchi liliwanyang'anya silaha kwa nguvu, na damu ikamwagika. Walikuwa watoto wa watu. Wazazi wao waliwapeleka wakidhani wanawapeleka kulelewa.

Kwetu, mwaka 1994, utaratibu wa lazima ulisimamishwa, kwa sababu kubwa ya uhaba wa fedha. Mwaka 2001 vijana wa kujitolea walianza tena kupokelewa, na mwaka 2013 wahitimu wa kidato cha sita wakarudishwa kambini kwa mujibu wa sheria, kwa muda mfupi zaidi kuliko wa zamani. Vijana wa kujitolea wamefanya kazi zinazoonekana kwa macho. Ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani, uliozinduliwa mwaka 2018, ulijengwa kwa mikono yao pamoja na askari.

Hata hivyo, katika miaka hii limezuka jambo ambalo wazazi wa mwaka 1963 hawakulijua, nalo ni tumaini la ajira. Matangazo ya kuwaita vijana wa kujitolea yamekuwa yakieleza wazi kwamba jeshi hili halitoi ajira, bali stadi za kumwezesha kijana kujiajiri. Lakini nyumbani tangazo husomwa kwa macho ya shida. Aprili 2021 vijana zaidi ya 800 waliondolewa kambini baada ya kuandamana wakidai kuandikishwa jeshini, baadaye walisamehewa. Tukilinganisha tukio hili na lile la 1966, twaona jambo la kutufikirisha. Wasomi wa 1966 waliandamana kwa kuwa hawakutaka kuingia kambini. Vijana wa 2021 waliandamana kwa kuwa hawakutaka kutoka mikono mitupu. Nyakati zimegeuka, na mzazi anayetumia hoja za zamani kwa kijana wa sasa huenda akampeleka mahali pasipo.

Kutokana na historia hii sisi twapata maswali manne ambayo mzazi angefaa kujiuliza kabla ya kumtoa mtoto wake. La kwanza: anayemwamuru mwanangu, yeye anaamriwa na nani, na pakitokea dhuluma nibishe hodi wapi? La pili: zaidi ya kwata, mikono yake itajifunza kazi gani, naye ataweza kuifanya akirudi nyumbani? La tatu: anajua ukweli wa anachokiendea, au anafuata ahadi ambayo hakuna aliyeitoa? La nne, nalo ndilo zito: mtoto huyu ni mtu wa namna gani, kwa mwili na kwa moyo?

Swali hili la nne halijibiwi na Serikali wala na ami. Yako mawe yanayong'arishwa kwa kusuguliwa, na yako yanayopasuka. Kijana mvivu wa kuamka lakini mwenye moyo wa wenzake, kambi humfaa sana. Kijana mwenye hasira ambaye nyumbani hakupata kusikilizwa, kambi huweza kumtuliza kwa muda, lakini akirudi kwenye nyumba ile ile, hasira humpokea mlangoni. Kambi huendeleza malezi ya nyumbani. Haiyafanyi badala ya mzazi. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na maji hayo huwa mikononi mwa mzazi miaka mingi kabla ya afande.

Wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa kwa mujibu wa sheria, mzazi wao haulizwi kama anaridhia. Lakini hata yeye anayo kazi ya kumwandaa mtoto, kuwaeleza wahusika ugonjwa wake kama anao, na kumfundisha kutofautisha amri ya kazi na amri ya uonevu. Nasi kwa mazoea yetu ya utunzi tuliyakusanya mawazo haya katika ubeti mmoja:

Mwana kumpa safari, mzazi kwanza pimia,
Muulize na amiri, mzigo hujitwikia?
Kambi iliyo na heri, ufundi hukuachia,
Gwaride pasi na kazi, vumbi linalotulia.

Haya ndiyo tuliyomweleza jirani yetu, kwa maneno machache kuliko haya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba tumwite kijana. Tulimwuliza maswali yale mbele ya mama yake. La kwanza na la pili aliyajibu vizuri. La tatu lilimfanya ainamishe kichwa: alikuwa ameambiwa na wenzake kwamba akiingia tu amekwisha kupata ajira. Tulipofika la nne hakusema kitu. Mama ndiye aliyesema, taratibu, kwamba mwanawe ana pumu tangu utotoni, na kwamba ami zake walikuwa wamemshauri aifiche siku ya kupimwa afya.

Baraza lilinyamaza. Hapo tulifahamu kilichokuwa kikimsitisha mama yule siku zote. Hakuiogopa kambi, aliogopa kwamba mwanawe angeanza safari ya nidhamu kwa uongo.

Kijana hakwenda. Alitununia kwa muda, nasi hatukumlaumu, kwa kuwa tumaini likikatwa huuma hata kama lilikuwa la uongo. Baadaye mama yake aliuza mbuzi wawili, akamlipia masomo ya useremala katika chuo cha ufundi. Mpwa wa mjane huyo, aliyekuwa na afya njema na mwenye kupenda shamba, ndiye aliyejaza fomu na kwenda, akijua kwamba miaka miwili ikiisha atarudi kijijini. Nyumba mbili za ukoo mmoja zikatoa majibu mawili, na sisi twaona kwamba yote mawili yalikuwa sahihi, kwa sababu kila nyumba ilimtazama mtoto wake kabla ya kuitazama sare.